Kazi za Mikono: Kifaru Ambacho Hakijafika Mahali

Barua hii ililetwa kwangu na dereva wa lori la kahawa, imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli. Mama mmoja wa Mbuji, aliyeniomba nisitaje jina lake, aeleza kwamba mwanawe wa miaka kumi na minne ametengeneza kifaru. Si mnyama wa porini, ni kile cha chuma cha vitani. Amekichonga kwa mti, kichwa chake ni nusu ya kibuyu, na amekipaka rangi ya kijani iliyobaki walipopaka milango ya nyumba. Majirani wote walisifu. Walakini baba mkwe wake, ambaye alikuwa askari katika vita ya Kagera, alikishika mkononi, akakigeuza huku na huku, akakirudisha mezani na kusema, "Hiki hakijafika mahali." Kisha akatoka nje, na jioni ile hakula.

Mama auliza: Je, yafaa mtoto wa nyumba ya Kikristo atengeneze vyombo vya vita, au nikitie motoni? Na chini ya barua mtoto mwenyewe ameongeza kwa mwandiko wake: "Babu alikuwa na maana gani? Kifaru changu kina kosa gani?"

Swali la mama nalijibu kwa ufupi. Usikitie motoni, mama. Mtoto anayechonga kitu kwa kipimo anajifunza hesabu, subira na kutumia macho. Neno mzinga lenyewe twalitumia kwa nyumba ya nyuki na kwa kile kinachorusha makombora, wala hatujaacha kula asali kwa sababu hiyo. Lakini swali la mtoto lilinikaa moyoni. Mimi nami utotoni nalitengeneza magari mengi ya waya na ya udongo, yote yaking'aa, na sikupata hata siku moja kujiuliza kama yamefika mahali. Basi nilipopata safari ya Mbinga wakati wa mavuno ya kahawa, nikapanda hadi Mbuji.

Nikapiga hodi. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina. Karibu, Baba Mwandishi." Mtoto akakileta kifaru kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtungi wa maji.

Wasomaji, kazi ile ilikuwa nzuri, na ni haki niwaeleze jinsi alivyofanya, maana wapo watakaotaka kuiga. Mtoto alipata picha ya kifaru aina ya T-54 katika simu ya mwalimu wake, pamoja na vipimo. Warusi ndio waliokibuni. Wachina wakatengeneza cha namna ile ile wakakiita Type 59, na cha Kichina ndicho Tanzania ilichokuwa nacho wakati wa vita ya Kagera. Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin walileta T-55, ambacho ni mdogo wake T-54. Kwa hiyo ukichonga kimoja umechonga karibu cha pande zote mbili. Kina uzito wa tani 36, na ndani hukaa watu wanne. Mwili wake una urefu wa meta 6.45, na ukihesabu mzinga ulioelekea mbele, meta 9. Upana ni meta 3.27, na kimo meta 2.4. Mtoto akagawa kila kipimo kwa 20. Akapata mwili wa sentimita 32, pamoja na mzinga sentimita 45, upana sentimita 16, kimo sentimita 12. Mtu wa kawaida kwa kipimo hicho asingezidi sentimita 9, yaani urefu wa kidole cha kati na zaidi kidogo.

Mwili ni mti laini. Mzinga ni kijiti cha mwanzi mwembamba. Magurudumu ameyakata katika malapa yaliyochakaa, matano kila upande, kila moja sentimita 4. Hapo nalifurahi, maana hakusahau kwamba kati ya gurudumu la kwanza na la pili nafasi ni kubwa kuliko nyingine. Ndiyo alama ya kumtambua ndugu huyu. Minyororo yake ni tyubu ya baiskeli iliyokatwa mikato mikato. Nyuma amefunga mapipa mawili madogo ya mafuta. Nusu ya kibuyu inafaa sana kwa kichwa, kwa kuwa kichwa cha kifaru kile ni cha mviringo, kama bakuli lililofunikwa.

Sasa kosa liko wapi? Ni rangi. Kiling'aa kama mlango wa duka jipya.

Niseme kidogo juu ya watu wengine wenye kazi hii, maana mtoto alidhani yuko peke yake duniani. Vifaru vya kwanza viliingia vitani tarehe 15 Septemba 1916 huko Ufaransa, vikiwa vya Waingereza, na ili kuficha siri wale waliovitengeneza waliambiwa kwamba ni matangi ya maji. Ndiyo sababu kwa Kiingereza mpaka leo huitwa tangi. Sisi tukavipa jina la mnyama mwenye ngozi nene, na nadhani sisi tulichagua vema zaidi. Mifano midogo ya vifaru ikapendwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani, ambayo ilianza kwa biashara ya mbao, ilitoa kifaru cha plastiki cha kuunganisha. Kipimo chake kilikuwa moja kwa 35, na sababu yake haikuwa elimu kubwa: betri zilipaswa zienee ndani. Kipimo hicho kikawa desturi ya dunia. Katika miaka ya 1970 mafundi kama Shep Paine wa Marekani na François Verlinden wa Ubelgiji wakawafundisha watu wengi kwamba kumaliza kupaka rangi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukichakaza: kukitia vumbi, tope, kutu na mikwaruzo, ili kifanane na chombo kilichofanya kazi. Huko wana rangi za dukani za kila namna kwa jambo hilo. Hapa kwetu tuna udongo na masizi, wala hatulipii.

Basi nikamwambia mtoto kwa majivuno ya mtu mzima, "Dawa yake ni tope." Tukaenda mtoni, tukachota, tukakipaka tope chini na juu kama watu wanaokandika nyumba. Asubuhi yake babu alipopita nikamwonyesha. Mzee akatazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, akasema, "Hicho kimezama. Hakijasafiri."

Na alikuwa na haki. Nalikuwa nimesahau hesabu ile ile ya 20. Tope nililopaka lilikuwa na unene wa sentimita moja na nusu. Zidisha kwa 20: ni tope la sentimita 30 juu ya paa la kifaru! Na vijiwe vilivyokuwa ndani yake, kila kimoja kama punje ya mahindi, vingekuwa mawe makubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga. Tukakiosha chote. Mtoto hakunicheka mbele yangu, Mungu ambariki.

Mama akaniita kando, karibu na jiko. Akasema, "Baba, nakuomba usimchokoze mzee. Usiku huwa anaamka na kuita watu. Miaka yote hii hakutusimulia, nasi hatumwulizi." Nikaona nimefanya vibaya kumwonyesha mzee kitu kile, nikaazimia kumfundisha mtoto kuondoa mng'ao tu, kisha nishuke Mbinga siku ile ile.

Lakini nilipotoka nje nalimkuta mzee amekaa juu ya kigoda chini ya mwembe, mbele yake vipande vitatu vya bati. Cha kwanza kina udongo mwekundu wa barabarani, cha pili udongo mweusi wa bondeni, cha tatu majivu. Alikuwa anachekecha ule mwekundu kwa kitambaa cha zamani, ukishuka laini kama unga wa muhogo. Akamwita mjukuu wake: "Njoo hapa. Kwanza ondoa huo mng'ao wa mlango."

Tangu hapo mimi nalikuwa mwandishi tu, na haya ndiyo niliyoandika.

Kuondoa mng'ao, mtoto alisaga chaki ya shule mpaka ikawa vumbi, akaichanganya na rangi iliyobaki. Ongeza masizi kidogo na udongo wa manjano kidogo, ili kijani kisiwe kikali, kielekee rangi ya majani yaliyoanza kukauka. Kitu kidogo hakipendi rangi nzito. Kikipakwa rangi ile ile ya kitu kikubwa huonekana cheusi zaidi, na chaki hurekebisha hilo pia. Acheni rangi ikauke siku tatu. Msiwe na haraka, maana rangi mbichi hufuta kazi yote inayofuata. (Mimi sikuweza kukaa siku tatu bure, nalikwenda kuona mashamba ya ngoro mlimani, nikarudi. Hayo yatahitaji ukurasa mwingine.)

Kisha kivuli. Kifaru kikubwa kina vivuli vyake penye mikunjo, lakini kidogo hakina, maana jua halipungui kwa kipimo. Changanyeni masizi na maji mengi na tone la sabuni, mpakeni kwa unyoya wa kuku penye pembe, maungio na pembezoni mwa vifuniko. Maji huingia yenyewe katika mifereji. Yaliyobaki juu yafuteni kwa kitambaa, mkifuta kutoka juu kwenda chini, kama mvua inavyoshuka. Wengine hutumia mafuta ya taa badala ya maji. Watoto wasiyatumie, na hata mkubwa asiyatumie karibu na jiko.

Kisha mikwaruzo. Hapa mtoto alichukua kipande cha godoro, akakichovya katika rangi nyeusi, akaanza kukigongagonga kila mahali. Mzee akamzuia. "Nani kakwaruza hapo? Hapo hakuna mtu anayepita." Rangi hubanduka mahali watu wanapokanyaga wakipanda na kushuka, kandokando ya vifuniko, na penye ncha zinazosuguliwa na matawi. Mahali pasipoguswa rangi hubaki. Kabla ya kuweka alama sharti ujiulize ni mguu wa nani au tawi gani. Jambo hili sikulisoma popote. Nalilisikia chini ya mwembe.

Kutu vilevile. Watoto hupenda kutia kutu kotekote, lakini chombo kinachotembea kila siku hakina nafasi ya kushika kutu nyingi. Minyororo yake husuguliwa na ardhi mpaka ikang'aa, nayo mwaweza kuifanya hivyo kwa kuisugua kwa moyo wa penseli pale tu inapogusa chini. Kutu ya kweli iko kwenye bomba la moshi, maana moto huunguza rangi yake. Katika T-54 na T-55 bomba liko ubavuni kushoto, upande wa nyuma. Mtoto alikwangua kutu ya jembe la zamani, akaichanganya na gundi nyepesi ya muhogo, akapaka hapo, na nyuma yake akapaka masizi.

Yote haya mzee aliyasema kwa sauti ya mtu anayeelekeza kupanda mibuni. Tulipofika kwenye vumbi, akanyamaza kidogo.

Wasomaji vijana huenda hawaijui vita ile vizuri. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu upande wa Kagera, na tarehe 3 Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Askari wetu wakawarudisha nyuma, kisha wakavuka mpaka. Masaka ilitwaliwa Februari 1979. Tarehe 10 na 11 Machi yalikuwa mapigano ya Lukaya, mahali ambapo barabara inapita katika bwawa kubwa la mafunjo, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Huko Kaboya, Wilaya ya Muleba, yako makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita hiyo.

"Watu hudhani tulipanda," mzee akasema. "Tulitembea. Vifaru vilikuwa vichache, nasi tulikuwa nyuma yake. Aliye nyuma ya kifaru hula vumbi lake." Akachukua unyoya mwenyewe, akauchovya katika udongo mwekundu mkavu, akaukung'uta mpaka ukabaki na kidogo sana, akapitisha nyuma ya kifaru mara nyingi, pembeni mara chache, mbele karibu si kitu. "Vumbi la barabara ya Masaka ni jekundu kupita hili letu. Lakini hili litafaa."

Akaeleza ya kwamba vumbi ndilo hutangulia na tope hufuata, kwa sababu walipita Masaka kukiwa kukavu, na mvua na bwawa viliwakuta mbele. Mtu akipaka tope jeusi kwanza na vumbi jekundu juu yake, amekipeleka kifaru kinyumenyume. Tope la bwawani akalipaka jepesi, limechekechwa, limechanganywa na gundi ya muhogo, kwenye magurudumu na minyororo na chini ya mwili, halipandi zaidi ya upana wa kidole. Juu ya paa akaacha vumbi, akalichuruzisha kwa tone moja moja la maji, likafanya mistari midogo ya kushuka. Nilikitazama kifaru kile na nikakiri moyoni kwamba sasa chatoka mahali, tena waweza kusema ni wapi na mwezi gani.

Mtoto akauliza kama kimekwisha. Mzee akasema bado, kuna mzigo.

Vifaru, alisema, vilikuwa vikibeba mizigo ya watu nyuma: sufuria, matandiko, lo lote la kufungwa kwa kamba. Mwenzake mmoja wa kikosi alikuwa na blanketi, akalifunga pale. Alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Kila asubuhi alilifungua, akalikung'uta, akalifunga tena, na wenzake wakimcheka. Kabla hawajafika Masaka mtu huyo akauawa. Blanketi likabaki pale pale. "Hakuna aliyetaka kulifungua. Siku tatu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Hakusema kitu, wala mimi sikusema.

Mzee akaingia ndani, akatoka na kipande cha blanketi la kijivu alichokikata pembeni mwa blanketi lake mwenyewe, akakikunja, akakipima kwa kidole, akakifunga kwa uzi nyuma, juu ya mapipa. Mtoto akachukua unyoya wenye udongo mwekundu ili akipake kama sehemu nyingine. Babu akamshika mkono.

"Kidogo. Vumbi la siku tatu tu."

Mtoto akapitisha unyoya mara moja, akamtazama babu yake. Akapitisha mara ya pili, akamtazama tena. Mara ya tatu mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akaomba maji ya kunawa, akauliza kama chakula kiko tayari.

Kifaru kile sasa kiko juu ya kabati sebuleni. Nawaonya wote watakaotengeneza cha kwao: gundi ya muhogo hupendwa sana na panya, na usiku mmoja tu hutosha kula magurudumu yote ya upande mmoja. Changanyeni gundi na majani ya mwarobaini yaliyopondwa, au kitundikeni kwa waya kutoka darini. Na udongo mliouchekecha msiutupe ukibaki. Uwekeni ndani ya chupa kavu yenye kizibo, kila rangi mbali, muandike juu yake umetoka wapi.